Mkono Usiojilisha

Sehemu ya kumi na moja

Hakikuwa kisu. Tulieni, ninyi mlioniandikia wiki nzima mkinibembeleza nisimfanye Lesieli muuaji, na ninyi wengine, mnajijua, mlioniandikia kwamba achome tu amalize. Alichochomoa ndani ya nguo yake nyeusi, pale tulipomwacha mbele ya hema la wazikaji, kilikuwa kimefungwa kwa majani na bado kilikuwa cha moto.

"Wee!" mama mmoja kwenye foleni akamfinya mwenzake. "Nilidhani kisu."

"Kisu wapi? Si lu ile, nyama ya kuokwa ndani ya majani? Harufu ya tui naisikia hadi hapa."

"Anampelekea chakula yule? Yule aliyemfunga kaka yake?"

"Punguza sauti, shoga. Mfalme amelala."

Kwa aliyeanza kusoma leo, nitasema mara moja tu, maana sina subira ya kurudia rudia. Mfalme wa Tonga amefariki. Amelazwa katika jumba lake la mbao nyeupe pale ufukweni Nukualofa, na nchi nzima imejipanga kumuaga. Foleni imetoka langoni, imezunguka uwanja, imepita mashule na makanisa, na bado watu wanashuka kwenye meli kutoka visiwa vya kaskazini wakiuliza mwisho uko wapi. Kila mtu yuko kwenye nguo nyeusi na mkeka wa msiba kiunoni, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Zimekuja zawadi nyingi mno, mikeka, viazi vikuu na nguruwe wazima, mpaka wafungwa wametolewa gerezani kuzipanga ndani ya ua.

Lesieli naye yumo. Mumewe Maika amebeba begani mkeka uliosukwa na mama yake Lesieli, mkeka mzuri kuliko yote nyumbani, na mkeka wa namna hiyo ni wa mfalme, hakuna kujadili. Lakini mama aliusuka kwa nia nyingine. Alitaka amtandikie mwanawe Peni siku atakayotoka gerezani. Mama hakuiona siku hiyo. Alizikwa huku Peni amesimama kando ya kaburi na pingu, askari kushoto na askari kulia, na Lesieli hajasahau mlio wa zile pingu kaka yake alipoinama kutupa mchanga.

Aliyemfunga Peni ni Sosaia, mtoto wa mjomba wao. Ndiye aliyeshika Biblia mbele ya hakimu akaapa kwamba alimwona Peni kwenye usukani wa pikapu iliyowagonga mzee na mjukuu wake, wakafa, na gari likakimbia. Alipomaliza kuapa akapanda ndege kwenda Auckland. Kwa miaka yote hiyo Lesieli amekuwa akijua jambo moja: Sosaia mwenyewe ndiye aliyekuwa akiendesha, akamsukumia kaka yake.

Na sasa amerudi, kwa sababu ukoo wa baba yake ndio peke yake wenye ruhusa ya kumgusa mfalme akifa. Ukizaliwa humo ukaitwa, unakuja, hata kama kuna mtu anakungoja na shoka.

Ila mkono uliomgusa mfalme una mwiko. Haushiki chakula, haushiki kikombe, hauikuni hata pua ya mwenyewe, mpaka siku wakubwa watakapouvua ule mwiko. Mwenye mkono huo analishwa kama mtoto. Hapigwi, hatukanwi, na mbele yake hakuna kuinua sauti. Sosaia alilijua hilo vizuri sana. Chini ya hema lile alikuwa salama kuliko alivyowahi kuwa Auckland.

Alichosahau ni tumbo.

Lesieli akaketi chini mbele ya Mzee Fehoko, mkuu wa wazikaji, akainamisha kichwa.

"Baba, naomba nimlishe huyu."

"Wewe ni nani kwake?"

"Mtoto wa shangazi yake."

Minong'ono ikapita hemani, ikaruka kamba ya hema, ikaingia kwenye foleni. Kwetu mtoto wa shangazi ni mkubwa. Anakaa juu, anapewa kwanza, akimtaka nguruwe wako anamchukua na wewe ndiye unayesema asante. Hakuna aliyewahi kumwona akimpigia magoti mtoto wa mjomba.

"Unajishusha, binti yangu," akasema Mzee Fehoko.

"Kwa ajili ya mfalme, baba."

Macho ya mzee yakalowa. Maskini, hakujua.

"Mmemsikia? Huo ndio moyo! Mama Vika, wewe mwachie huyu, kalishe wengine. Ameomba mwenyewe, na ni wake. Mtu mwingine asimtie tonge mpaka binti huyu mwenyewe aseme amechoka."

"Baba, samahani," Sosaia akaruka, "mimi Mama Vika ananitosha tu."

"Unasemaje? Mtoto wa shangazi yako yuko mavumbini kwa ajili yako na wewe unachagua?"

Sosaia akainama. Akatazama mikono yake iliyolala mapajani kama samaki wawili waliovuliwa. Ndugu wa wenzake walikuwa wamekuja, mke huku, dada kule, kila mzikaji na mtu wake. Yeye hakuwa na mtu. Alikuwa na Lesieli.

Lesieli akafungua majani taratibu. Nyama ilikuwa imeiva ikalainika, tui limeganda pembeni, na kipande cha kiazi kikuu kimekaa katikati cheupe kabisa. Akamega. Akainua mpaka mdomoni mwa Sosaia. Sosaia akapanua mdomo.

Tonge likageuza njia, likaingia mdomoni mwa Lesieli.

"Mmh," akasema. "Chumvi imekolea."

"Dada..."

"Naam, binamu."

"Sijala tangu jana."

"Pole. Peni naye alikuwa hapendi chakula kilichopoa. Sijui huko aliko wanampashia."

Akamega tena. Safari hii alilipitisha chini ya pua, akalisimamisha hapo, akaliacha litoe harufu yake yote. Koo la Sosaia likapanda na kushuka. Halafu akaja nzi. Akazunguka, akatua kwenye kona ya mdomo wa Sosaia palipodondokea tone la tui, akaanza kula.

"Dada, nzi."

"Namwona."

"Mfukuze basi."

"Mwache ale. Yeye hajaapa uongo."

Nisiwafiche wasomaji wangu, mimi hapo nilifurahi. Ninyi mnaopenda watu wasameheane mapema, gazeti lina kurasa nyingi, fungueni ya mahubiri.

"Unataka nini?" Sosaia akanong'ona, midomo haichezi ili nzi asishtuke akaingia ndani.

"Maneno machache. Utamwita Mzee Fehoko, utamwambia: niliapa uongo, Peni hakuendesha lile gari. Kwa sauti, hawa waliopanga foleni wasikie. Ukimaliza, nakulisha mpaka ukatae."

"Nikisema, wewe ndiye utakayelia."

"Nimeshalia. Yamebaki machozi yako."

"Hunielewi, dada."

"Sina haja ya kukuelewa. Nina haja ya kukusikia."

Kivuli kikawaangukia. Mzee Fehoko alikuwa amesimama juu yao na fimbo yake, anatazama lile furushi ambalo lilikuwa limepungua kidogo sana.

"Analishwa huyu?"

Lesieli akainamisha kichwa. Neno moja tu la Sosaia lingetosha. Mwanamke amtese kwa njaa mzikaji wa mfalme, mfalme akiwa bado hajazikwa? Wangemtoa hemani kwa aibu, foleni nzima ikishuhudia, na ukoo wake usingeinua uso kwa vizazi. Sosaia alikuwa amemshika pabaya, na bila kutumia mikono.

Sosaia akameza mate.

"Nimeshiba, baba," akasema. "Ananilisha vizuri. Mimi ndiye niliyemwambia apumzike kidogo."

Mzee akaguna, akaenda zake.

Lesieli akapigwa na butwaa. Akamfukuza nzi kabla hajajua mkono wake unafanya nini.

"Kwa nini umesema hivyo?"

Sosaia hakuwa hata anamtazama. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la Lesieli, kule kwenye foleni, na jasho lilikuwa likimtoka kama mtu aliyekaa jikoni.

Foleni ile ilikuwa ikitambaa. Hatua mbili, kusimama. Hatua moja, kusimama. Wanafunzi waliokaa kandokando ya barabara vichwa chini walikuwa wakiimba wimbo wa kanisani ule mzito wa sauti nne. Na Maika, mkeka begani, alikuwa amesogea mpaka karibu na kamba ya hema.

"Lesieli," akaita kwa sauti ya chini. "Mke wangu. Zamu yetu inakaribia. Njoo."

"Bado."

"Watu wanatutazama."

"Waache watazame."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha upole kinachopendwa na mtaa mzima. Huyu ndiye mwanamume aliyekuja kupasua kuni Peni alipofungwa. Ndiye aliyembeba mama mgongoni kumpeleka hospitali. Peni alipokuwa nje alikuwa hataki hata kumsikia, alimwambia dada yake waziwazi kwamba huyu hamfai. Lakini Peni hakuwepo, kuni zilipasuliwa, na Lesieli akaolewa. Alipanguza jasho kwa bega, pale juu ya jicho penye kovu lake la zamani, ambalo alimwambia mkewe ni la siku aliyoangukiwa na nazi.

"Basi mlishe upesi," akasema. "Mjaze huyo mdomo, twende zetu. Mtu akishiba anatulia."

"Unamwonea huruma leo?" Lesieli akashangaa. "Si wewe uliyesema ukimwona utamvunja meno?"

"Kuna msiba, mke wangu. Mambo ya meno baadaye." Kisha akamgeukia Sosaia, bado anatabasamu. "Eh, Sosaia. Kula, bwana. Kula unyamaze. Auckland hawakukufundisha kushukuru?"

Sijui ni njaa, au ni lile tabasamu. Mimi nadhani ni tabasamu. Kuna mtu unaweza kumbebea dhambi yake miaka na miaka, lakini siku anapokuchekea ukiwa huwezi hata kumfukuza nzi, mzigo unakuponyoka.

"Dada," akasema Sosaia. Hakunong'ona tena. "Peni hakuendesha ile pikapu."

Mama wawili wa kwenye foleni wakanyoosha shingo. Fimbo ya Mzee Fehoko ikasimama.

"Rudia," akasema Lesieli.

"Peni alikuwa amelala kwao. Gari lake tulilichukua bila kumwambia. Niliapa uongo mbele ya Mungu, na ndiyo maana nimekuja. Wenzangu wa Auckland wote walitafuta visingizio. Mimi nilikuja mbio, nikasema labda nikimshika mfalme kwa heshima, mikono hii itasafika."

"Uliendesha wewe."

"Mimi?" Sosaia akacheka kwa uchungu. "Mimi hata baiskeli ilinishinda, na wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka. Nilikaa kiti cha pembeni, nimelewa, nimekumbatia chupa. Tulipowagonga wale watu nilipiga kelele asimame. Hakusimama. Asubuhi akaniambia chagua: tufungwe wote wawili, au niseme ni Peni, na yeye ndugu zake wa Auckland wanipokee. Nikachagua. Niue ukitaka."

"Nani?"

"Wewe mwenyewe unalala na mwenye jina hilo."

"Nakuuliza nani!"

Sauti ilipanda. Askari akageuka. Wanafunzi wakakosea mstari wa wimbo. Sosaia hakunyoosha kidole, mikono ile hainyooshei mtu. Aliinua nyusi tu, kama tunavyofanya sisi, akazielekeza nyuma ya bega la Lesieli, kwenye kamba.

"Muulize lile kovu," akasema. "Muulize ni nazi gani yenye kioo cha gari ndani."

Lesieli hakugeuka mara moja. Alibaki amekaa na tonge mkononi, tui linamchuruzika kwenye kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya hukumu ya Peni aliogopa. Alikuwa anaomba. Alikuwa anaomba akigeuka amkute mumewe amekasirika, anatukana, anaruka kamba kumshika Sosaia shingo, mwiko au si mwiko. Mtu aliyesingiziwa hukasirika.

Nyuma yake kitu kikaanguka, puu.

Watu wote wa foleni wakavuta pumzi. Mkeka wa mfalme, ukishainuliwa nyumbani, haugusi chini mpaka upokelewe kwenye ua wa jumba. Wazee hubadilishana mabega, wagonjwa huomba msaada, lakini hauanguki. Lesieli akageuka. Mkeka wa mama yake ulikuwa mavumbini, na Maika amesimama juu yake, mikono imebaki hewani, tabasamu halipo.

"Umeteleza," akasema Maika. "Jasho. Lesieli, ni jasho tu."

Askari akaanza kusogea.

Mwanamke mwingine angepiga mayowe. Mwanamke mwingine angemrukia pale pale, na mimi ningemwandikia ukurasa mzima. Lesieli alimrudia Sosaia, akamtia lile tonge mdomoni, lote, akasubiri alitafune mpaka alimeze. Akamega lingine, akamtia. Akampanguza midomo kwa upande wa nguo yake.

"Kula, binamu," akamwambia. "Nitakuja tena, na nitakulisha kila siku mpaka mwiko wako uvuliwe. Sitaki upungue hata kidogo. Nakutaka mbele ya hakimu ukiwa na sauti yako yote."

"Na mimi?" Sosaia akauliza, machozi yanateremka na hawezi kuyafuta. "Mimi nimesamehewa?"

"Wewe umelishwa. Usichanganye."

Akasimama, akamwinamia Mzee Fehoko, akapita chini ya kamba, akasimama uso kwa uso na mumewe.

"Okota mkeka wa mama."

"Mke wangu, twende nyumbani, nitakueleza kila kitu. Nilikuwa kijana. Niliogopa. Na halafu nikakupenda, hilo si uongo, nikasema nitalipa kwa kuwatunza ninyi..."

"Okota."

Maika akatazama kushoto, watu. Akatazama kulia, watu, na askari aliyekuwa ameshaanza kusogea. Mbele kulikuwa na lango la jumba. Nyuma kulikuwa na Tonga nzima, nguo nyeusi mpaka macho yanapoishia, na hakuna hata mmoja aliyesogea kumpa njia. Akainama, akaokota.

"Pangusa vumbi."

Akapangusa.

"Haya. Tembea."

"Lesieli, foleni bado ndefu. Tuongee kidogo tu..."

"Ndefu, ndiyo. Na mimi nipo nyuma yako. Tembea, Maika."

Wakatembea. Hatua mbili, kusimama. Hatua moja, kusimama. Lesieli alikuwa anamhesabia mifupa ya mgongo kwa macho, huyu mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimkanda mgongo ule ule kwa mafuta ya nazi kila akirudi shambani. Aliyembeba mama. Alimbeba mama huku akijua. Kila alipofika hapo kwenye mawazo, Lesieli alikuwa anauma meno mpaka taya zinamlia. Askari yule naye akaanza kutembea kandokando yao. Nyuma, habari ilikuwa inashuka foleni mdomo kwa sikio, na wimbo wa wanafunzi ukazidi kuwa mzito.

Wakafika langoni. Wakaingia uani. Rundo la viazi vikuu lilikuwa limepita urefu wa mtu, na mikeka imepangwa hadi kwenye nguzo za baraza. Wafungwa walikuwa wakipokea zawadi, wameinamisha vichwa, na vijikeka chakavu vya msiba vimefungwa juu ya nguo zao za gerezani.

Maika alinyoosha mkeka ampe mfungwa wa mbele bila kumtazama. Mfungwa akaupokea upande mmoja. Kisha hakuuvuta. Akapitisha kidole kwenye ukingo, pale kwenye pindo la kusuka mara mbili ambalo Tonga nzima lilikuwa la mwanamke mmoja tu.

"Huu ni mkeka wa mama," akasema.

Lesieli akaziba mdomo. Kaka yake alikuwa amekonda, mvi zimemwingia kabla ya wakati. Peni akainua uso, akamwona aliyeshika upande wa pili, na kwa kuwa hakujua lolote, akatabasamu.

"Shemeji," akasema, "mbona mikono inakutetemeka?"